Nywele Kwenye Kamba ya Nguo

Harufu ya sabuni ya kipande kwenye nguo mbichi bado hunirudisha kwenye roshani ya ghorofa ya nne, Kileleshwa, likizo ile ya Desemba nilipokuwa mdogo. Kila siku Mama alitoka kwenda kazini mjini kabla sijaamka. Watoto wengine wa jengo letu walikuwa wamepelekwa ushago, mashambani kwa nyanya zao, na mimi sikuruhusiwa kushuka chini peke yangu. Nilibaki na Auntie Mueni, msichana wetu wa kazi kutoka Kitui, na ile roshani yenye kamba za kuanikia. Kutoka hapo niliona mwewe wakizunguka juu ya barabara, na ndege wale kwarara wakidonoa nyasi za jirani huku wakilalamika kama watu walionyimwa chai. Nilikuwa mtoto wa kuwaza kupita kiasi. Mdudu akianguka kwenye beseni nilimwokoa, kisha nikakaa nikijiuliza kama pengine alitaka kuogelea.

Jua likipoa, Auntie alinipeleka kutembea hadi mtoni, nyuma ya magorofa, kutazama kerengende. Huko alinifundisha kwamba yule mdudu mwembamba wa Nairobi, mwekundu na mweusi, hapigwi akikutulia shingoni. Anapulizwa, maana akipondwa huacha ngozi imeungua. Mwezi huo nilipuliza kila kitu, hata nzi. “Utaishiwa na pumzi, mami,” alisema akicheka. “Hao wengine piga tu.”

Ndipo chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, akaanza kujenga kiota mwisho wa kamba yetu. Alikuwa jike, rangi ya vumbi, mdogo hata kibanio cha nguo kilionekana kikubwa kando yake, na mdomo wake ulipinda kama sindano ya magunia. Alileta utando wa buibui, nyasi, vipande vya tishu. Auntie aliacha kuanika mashuka upande ule, akinung’unika kwamba tumepata mpangaji asiyejua hata kusalimia. Kitu kimoja tu hakutaka ndege huyo apate: nywele. Kwao waliamini, kama wengi walivyoamini kwetu pia, kwamba ndege akijengea nywele zako, kichwa kinakuuma. Kila aliponichana hapo nje aliokota hadi unywele wa mwisho, akaufunga kwenye karatasi na kwenda kuutupa chooni. “Shiku, ile imeanguka pale hujaiona? Okota. Huyo mama hana huruma, atajenga na wewe ulale ukilia.”

Krismasi ilikaribia, na nilijua maana yake. Msichana wa kazi huenda kwao, na kina mama wa Nairobi hutazama ukubwa wa mfuko anaoubeba ili wajue kama atarudi: ukiwa mkubwa, haji tena. Mimi nilitaka jambo moja tu: Auntie awe karibu nami siku makinda yatakaporuka. Asubuhi ya safari alikaa kwenye stuli nje, akafumua mistari ya nywele zake, akachana. Hakuokota kitu. Alikusanya kibonge cha nywele zake, akakitundika kwenye kamba, karibu na kiota.

“Auntie, kichwa!” nilipiga kelele.

“Wacha kiniume tu,” alisema. “Hao watoto watasikia baridi.”

Mfuko wake ulikuwa mdogo. Lakini mimi nilishikilia zaidi zile nywele. Hakuna mtu, niliwaza, anayeacha nywele zake mahali asiporudi. Nilimwona chozi akizibeba uzi kwa uzi, nami nikamwonea huruma Auntie huko Kitui, kichwa kikimuuma, na wakati huohuo nikafurahi.

Januari simu yake ilikuwa mteja, haipatikani. “Hawa huenda hivyo, Shiku,” mama alisema, akaleta msichana mwingine, mpole tu. Siku kinda la kwanza liliposimama ukingoni mwa kiota, likayumba, kisha likaruka hadi kwenye vyuma vya roshani, niligeuka nikaita, “Auntie!” Aliyeitika hakuwa yeye.

Sasa nina shahada kabatini na chumba cha kupanga Waithaka. Nikituma ombi la kazi hulisoma tena na tena baada ya kulituma, nikitafuta neno lililowaudhi waajiri. Zile nywele pia nimezisoma hivyo. Pengine alikuwa anaaga. Pengine alikuwa anachelewa basi tu. Pengine aliniona nilivyokuwa peke yangu, na hakuwa na kitu kingine cha kuniachia.

Jumamosi iliyopita nilifumulia mistari yangu nje, penye kamba ya nguo, kwa sababu kuna chozi kwenye maua ya ukutani. Nilitundika nywele, nikaziacha. “Weh, madam!” jirani alipiga kelele kutoka mlangoni kwake. “Ndege watakumaliza!”

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kushika simu, najipapasa kichwa nijue kama chozi amezichukua zile nywele. Bado hakijauma.