Mama wa Mtoto wa Pili

Kariakoo hakuna anayenijua kwa jina langu. Nikienda benki wakaniita kwa jina la kwenye kitambulisho, huwa naangalia kwanza kushoto na kulia nione ni nani huyo anayechelewesha foleni. Tangu nilipojifungua mwanangu wa kwanza, mimi ni Mama na jina lake, kama ilivyo kwa wanawake wote wa huku. Wateja wananiita hivyo, majirani wa ghorofani wananiita hivyo, hata mama yangu mzazi siku akiwa na furaha ananiita hivyo. Majina ya wanangu siyaandiki hapa. Ni watu wenye heshima zao, na mkubwa ana miaka kumi na mmoja, anasoma kila kitu.

Nauza vifungo, zipu na nyuzi, chini ya jengo tunalokaa, mtaa mmoja tu kutoka Msimbazi. Duka ni jembamba kiasi kwamba mteja mnene akiingia, mimi inabidi nitoke. Humo ndimo nilimoandikia kitabu changu cha kwanza cha watoto, juu ya makaratasi ya kufungia vifungo. Kilikuwa kuhusu mvulana aliyekataa kunyolewa mpaka ndege wakataka kutaga kichwani mwake. Mwanangu alikuwa hivyohivyo. Kuna siku mimi na kinyozi tulimkimbiza hadi Mnazi Mmoja. Kitabu kilipotoka, kwenye jalada niliandikwa Mama na jina lake. Ndilo jina langu, ningeandikwa nani mwingine? Kikapendwa. Walimu wakawa wanakuja dukani kukiulizia, na mwanangu akatembea mtaani kama diwani.

Binti yangu wakati huo alikuwa mchanga. Nilimlea kwenye boksi la zipu chini ya kaunta, na nikisimulia hivyo watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini kaka yake nilimbeba mgongoni nikamwonyesha soko zima, duka kwa duka, kila mtu akamshika shavu. Huyu wa pili nilikuwa nalitikisa boksi lake kwa mguu huku mikono ikipima utepe. Hakuwa mtoto wa kulialia, nami nikaona hiyo ni bahati yangu. Sasa hivi nikikumbuka lile boksi, roho inaniuma.

Alipoanza shule, siku moja alirudi dukani na begi lake, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, mwalimu ameniuliza mama yangu anaitwa nani."

"Ukamwambiaje?"

Akataja Mama, na jina la kaka yake. "Mwalimu akasema hilo si ndilo jina la kaka yako. Akauliza, sasa wewe mama yako nani?"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka fundi cherehani wa barazani akageuka. Mtoto hakucheka.

"Kwani nani anaitwa mama kwa jina langu?"

"Hakuna, mwanangu. Mtu anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Ndiyo desturi."

"Hata huyo wa kwanza akiwa msumbufu?"

"Hata akiwa msumbufu."

Akarudi kupanga vifungo kwa rangi, kazi anayoipenda. Hakuniuliza tena. Nilitamani angeniuliza tena, angalau ningejirekebisha.

Hadithi ya pili ilianza kutokana na ule ukimya. Niliandika kuhusu msichana aliyepoteza kifungo cha gauni la shule, akaenda kutafuta kinachofanana nacho kwa mafundi wote wa mtaa. Kila fundi anampa kisicho chenyewe, lakini anampa kwa moyo, na mwishowe anarudi nyumbani mfuko umejaa vifungo vya kila aina. Tuliandika wote wawili, mimi nimesimama, yeye kwenye kigoda chake. Alikuwa mkali kuliko mhariri yeyote. Nikiandika kwamba fundi alimkaribisha mtoto kwa bashasha, ananikatisha: "Mafundi hawasemi hivyo. Wanasema njoo baadaye." Nikafuta. Kisha nikamwambia, kwa kinywa changu mwenyewe, "Hiki ni kitabu chako."

Mchoraji wetu ni mzee wa Ilala ambaye kwa miaka mingi alichora mabango ya saluni. Nilimpeleka binti yangu kwake, akasema shikamoo, mzee akaitikia marahaba, kisha akamtazama kwa muda mrefu jicho moja limefumbwa. Alimchora na masikio yake yale makubwa, bila kuyapunguza. Mtoto alipoiona ile picha alijishika masikio yote mawili, akatabasamu siku nzima.

Halafu likaja jalada la mfano. Nilipewa pale kwa mchapishaji, ofisi ndogo ya ghorofani upande wa Mnazi Mmoja, nikasifu rangi, nikasifu gauni, nikaliweka mkobani. Jioni nikamkabidhi mwenye kitabu chake. Alikuwa ameshajua kusoma; maneno ya kwanza aliyoyasoma peke yake maishani ni jina lake na jina la kaka yake. Akaweka kidole chini ya herufi. Akasoma Mama. Akasogeza kidole, kikasimama kwenye jina la kaka yake.

"Ulisema changu," akasema.

Akanirudishia jalada taratibu, akaenda kuosha sahani yake. Mimi nikabaki nimelishika. Nililitazama mara ngapi siku ile, na jina la kaka yake lilipita machoni pangu kama hewa, kwa sababu mimi niliona tu jina langu. Nilijiona mama wa ovyo kabisa. Sijui kusema vinginevyo.

Kesho yake nilifunga duka asubuhi na kwenda kwa mchapishaji. Mhariri ni mama mtu mzima, mpole, anavaa miwani yenye kamba. Nilimwambia jina libadilishwe, niitwe Mama na jina la binti yangu. Akatikisa kichwa.

"Walimu wanalijua jina lile. Wewe ni mfanyabiashara, mwanangu. Watu wakishazoea duka lako, unabadilisha kibao?"

Alisema kweli, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Nina mdomo, sijifichi. Nikasema basi nirudishiwe hadithi yangu, nikaichapishe kwa wanaochapa kadi za harusi. Nikasema na mengine ambayo hayafai kwa mtu wa umri wake. Alipoona nimeishiwa pumzi, akavua miwani.

"Kwenu wewe mtoto wa ngapi?"

"Wa nne."

"Mama yako ameshawahi kuitwa kwa jina lako?"

Machozi yalishatangulia.

"Mimi wa tano," akasema. Akavaa miwani, akachukua kalamu, akakata jina la mwanangu kwa mstari mmoja, akaniuliza herufi za jina la binti yangu moja moja. "Wakija kuniuliza huyu ni nani, nawaleta dukani kwako, uwajibu mwenyewe." Nilimwomba radhi pale pale, naye akaniagizia chai.

Mwenye jina ilibidi aambiwe. Nilimweleza mwanangu tukiwa tunakula. Akasema, "Mpe tu," kisha akaendelea kula ameinamisha kichwa, tonge dogo dogo. Nilikivuta kichwa chake nikakilaza begani kwangu, mtu mzima wa miaka kumi na mmoja, naye hakujitoa. Nikamwambia yeye ndiye aliyenifanya niitwe mama, na hilo hakuna kalamu ya kulikata. Akasema anajua. Sauti haikuwa ya mtu anayejua sana.

Vitabu vilikuja Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa juu kwenye roshani, ghorofa ya tatu, naanua nguo. Chini, mlangoni mwa jengo letu, mzee wa mkokoteni alisimama na boksi, mkononi ana karatasi. Binti yangu alikuwa pale pale anaruka kamba. Nilimsikia mzee akimuuliza dada muuza chapati, "Hapa anakaa Mama..." akasoma jina.

"Huyo hayupo hapa, baba," dada akajibu. "Jengo hili namjua kila mtu."

"Nimeelekezwa la bluu."

"Jaribu la pili kutoka hapa. Hapa hakuna mtu kama huyo."

Mungu anisamehe, nilisikia kila neno. Nikawaza ni mpangaji mpya, mtoto wake ana jina kama la wangu. Nikaendelea kukunja shuka. Jina nililoligombania mpaka nikamtukana mtu mzima ofisini kwake, limeitwa mlangoni kwangu, mimi nakunja shuka. Nilipotupa jicho chini, nilimwona binti yangu ameshusha kamba, ananitazama. Hakuniita. Alikuwa anasubiri aone kama nitajua kwamba ni mimi.

Mzee akainamia mkokoteni kuugeuza.

"Yupo!" Ilikuwa sauti ya kaka yake. Alitoka dukani mbio, akasimama mbele ya gurudumu. "Yupo, babu. Ni mama yetu."

Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akainua uso, akaweka viganja mdomoni, akaniita. Mama, na jina la mdogo wake. Aliliita zima, kwa nguvu, mbele ya wauza chapati na mafundi na wateja waliosimama kutazama. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kabla yake.

Wanangu wakiniita huwa nawajibu "nini tena?" Abee yangu ni ya mama yangu na ya wakubwa. Lakini siku ile niliiacha shuka ianguke, nikaegemea roshani kwa mikono yote miwili.

"Abee!"

Binti yangu akamgeukia mzee wa mkokoteni.

"Umesikia?" akamwambia. "Ameitika."