Petroli ya Zenon na Mlima wa Wampembe

Zenon alipokuja gereji kwangu Mazwi kuniuliza anunue pikapu gani, nilimwambia dizeli. Akanunua petroli. Ndivyo alivyo, anauliza ili apate wa kumbishia.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba yalikuwa yameanza kufika hadi kwetu Sumbawanga. Zenon alikuwa ameendesha dizeli ya misheni miaka kumi na miwili, na kila alfajiri ya Juni, baridi ya Ufipa ikiuma, aliweka jiko la mkaa chini ya injini ndipo iwake. Moshi ulikuwa umemchosha. Tena karatasi za ile petroli zilionyesha nguvu za farasi nyingi kuliko dizeli.

"Nguvu hizo zinakuja injini ikizunguka kasi," nilimwambia. "Njia ya Kasesya, tambarare hadi mpakani, utapaa. Ila mlimani, na mzigo, gari linatambaa. Hapo dizeli inasukuma, petroli inahema."

"Fundi, wewe unapenda moshi tu," akacheka.

Gari lenyewe alilitaka kwa ajili ya mama yake, Bi Agnesi, aliyebaki peke yake Wampembe, chini kabisa ziwani. Zenon alikuwa amemjengea chumba uani kwake. Mama alikataa kupanda malori ya samaki. Alisema atapandishwa na mwanawe au abaki. Alipopewa siku, akaaga nyumba kwa nyumba kama ilivyo desturi. Kuku akawagawa. Sufuria akampa jirani yake Bertila. Watu walimlilia, na yeye akalia.

Asubuhi wakapakia kitanda, magunia ya ulezi na jiwe lake la kusagia. Ile pikapu ya petroli ilifika katikati ya mlima wa kutoka ziwani. Zenon akikanyaga mafuta, tairi zinachimba. Akipunguza, injini inazima. Mwisho klachi ikaungua, na lori likawavuta kurudi chini. Bi Agnesi alipita mbele ya watu wale wale waliomlilia jana, akifuata kitanda chake. Bertila alimrudishia sufuria.

Miaka mitatu Zenon alisaga vumbi la Kasesya kwa petroli ile ile, akibeba abiria kutafuta pesa za dizeli. Kila Jumapili baada ya misa alifagia kile chumba. Nilimwona nikamhurumia, nikaacha kumkumbusha nilichomwambia.

Dizeli ikapatikana. Niliikagua mwenyewe, akashuka nayo ziwani. Bi Agnesi alilizunguka gari, akalisifu, akampikia mwanawe ugali wa ulezi na samaki wa migebuka.

"Sitakuja, baba," akasema alipokwisha kula. "Nilishawaaga hawa. Wakanipokea tena, wakanirudishia vyangu. Nikiwaliza mara ya pili nitaonekana nawachezea."

Zenon alimbembeleza siku mbili. Siku ya tatu akapakiwa gunia moja la dagaa, zawadi, akaondoka.

Alifika kwangu jioni, akakaa juu ya tairi kuukuu. Nikamuuliza mlima aliupandaje.

"Gia ya pili, fundi. Halikutetemeka hata kidogo," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Njia nzima nilikuwa naliomba lizime, nipate sababu ya kurudi chini."