Ghala la Ijumaa

Nimesomesha historia hapa Maskati mpaka nimestaafu, na kila mwaka nilikuwa nikigombana na wanafunzi kwa jambo moja. Ukiwauliza dola kubwa za kale zilianzaje, wanakimbilia panga na farasi. Nawaambia, hebu tulieni. Mwanzo palikuwa na mto, na kijiji kimoja kilichovuna kuliko wenzake kikajenga ghala. Ilipokuja njaa, majirani wakaenda kuomba nafaka. Wakala. Mwaka wa pili wakaja kukichimbia mifereji kijiji kile kilichowalisha, na mbuzi wakakipelekea. Askari walikuja baadaye, na wao pia walitaka kula.

Somo hilo nnalijua vizuri, ila nyumbani kwangu sikuliona.

Nilipoolewa, chakula cha Ijumaa cha ukoo mzima kililiwa kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kule Sidab. Mimi nilikuwa Darsait, nikaanza kidogo kidogo. Leo nna biriani, piteni. Ijumaa nyengine, piteni tena. Mwaka haujesha, sinia likawa kwangu. Mavyaa akawa analetwa kwa gari, na kichupa cha achari ya ndimu mkononi, anakaa karibu na mlango. "Mama, umejisumbua ya nini?" nikimwambia. Nilikuwa nafurahi, nisiseme uwongo.

Sasa mume wangu hayupo, na watoto wamejenga Al Amerat, nyuma ya majabali. Mkaza mwanangu, mke wa mwanangu mkubwa, ana ukumbi mpana na kiwanja cha watoto kuchezea. Akaanza na Ijumaa moja, zikawa mbili. Mimi nikawa naenda, huku roho inaniuma.

Ijumaa iliyopita nikasema, leo sikubali. Nikanunua nguru mzima, nikaroweka mchele wa watu kumi na tano, nikatandika sinia kabla ya adhana. Mwanangu akapiga simu.

"Mama, nakuja kukuchukua. Wote wako kwetu."

"Mimi nimepika."

"Basi tutakula kesho. Usilete kitu, njoo tu."

Nikakaa mbele ya sinia lile peke yangu. Kijiko sikukishika. Nilijihisi mpweke kuliko siku niliyomzika mume wangu, maana siku ile nyumba ilijaa watu. Nikafunika chakula, nikavaa buibui. Nilipofika mlangoni nikarudi jikoni. Mikono mitupu siwezi, mimi niliyekuwa nikilisha. Nikachukua kichupa cha achari.

Kule Al Amerat walinikaribisha vizuri, wakaninyanyukia wote. Nikasema magoti yananiuma, nitakaa hapa hapa karibu na mlango. Mkaza mwanangu akakipokea kichupa kwa mikono miwili, anacheka kwa furaha.

"Mama, umejisumbua ya nini?"