Tuta la Mpita Njia

Binti yangu alikuwa anakata minofu ya sangara kiwandani, enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na viwanda vya samaki vilipoanza kujipanga kando ya ziwa. Akapata mchumba, kijana wa mitumba pale stendi ya Buzuruga. Kijana mwenyewe sina la kumsema. Aliniletea viatu, vya kiume, lakini vilinikaa vizuri nikavivaa mpaka soli ikaachia. Haya, viatu tuviache.

Kwetu Wasukuma huozi mtoto hujaulizia ukoo; wa damu moja hawaoani. Na hapo ndipo palinikosesha usingizi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama akavuka maji na mimi kurudi kwao, upande wa Sengerema. Ndugu wa baba walibaki huku Misungwi. Baadaye watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, kila mtu akapelekwa kijiji chake, nikawapoteza wote. Kijana naye kwao ni Misungwi. Nikasema, kabla ya mahari nakwenda mwenyewe kuwaona hao watu. Binti akanuna. "Mama, Misungwi ni kubwa." Nikamwambia ukubwa wake naujua, nimeipita na basi, sijaiota.

Kijana alinisindikiza. Tulishuka Misungwi tukatembea kwa miguu, yeye kanibebea mfuko, kila baada ya hatua mbili "mama, angalia shimo", "mama, pumzika". Nilishampenda, nisifiche.

Bibi yake mzaa baba alitupokea, mjane, mdomo mchangamfu kweli.

"Mkwe! Mbona umekonda hivyo? Nasikia minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, nyie mjini mmebakiziwa mapanki, mifupa na vichwa."

"Mapanki nayo yana mchuzi, mama," nikamjibu. Tukacheka. Akaingia ndani kutafuta kisu, kuku wa mkwe achinjwe. Na kuku wa mkwe akishaliwa, ndugu zangu, neno limekwisha. Huli kuku wa watu halafu ukarudi kusema hapana.

Mimi nikabaki uani naangalia shamba. Viazi vilikuwa vimechimbwa, matuta yote yamefumuliwa, wanawake wawili wanamenya viazi vya kukausha, michembe, kwa magamba ya kome. Lakini tuta moja, lile la kando ya njia, lilikuwa zima, majani yake mabichi, halijaguswa na jembe.

Nikalisogelea.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na tuta kama hilo. Tulikuwa tunachimba shamba zima, lile la njiani anatukataza. Mwenye njaa akipita achimbe, asipige hodi, asiseme asante. Siku moja niling'oa kiazi humo, kimoja tu, alinichapa kwa mti wa pamba hadi nikajificha zizini kwa ndama. Majirani walimcheka kwamba analima chakula cha wezi. Sijaona watu wengine wanaofanya vile, na nimekaa kwingi.

Bibi wa kijana akatoka, kisu mkononi, kuku kamtia kwapani.

Nikauliza kama mtu anayepiga soga: "Mama, lile tuta mmelisahau?"

"Halisahauliwi lile. Nimeolewa nikalikuta kwa wakwe, na tulipohamishiwa hapa tukalipiga upya. Mama mkwe wangu alikuwa anasema, tuta la njiani..."

"...halina mwenyewe, lina mwenye njaa," nikamalizia.

Yale maneno yalinitoka. Akanitazama. Kijana alikuwa ananawa miguu, akaacha.

Nikawaza, nikinyamaza sasa hivi nani atajua? Marehemu hawasemi. Binti yangu ataolewa na mtu mwema, nami nitakula kuku. Kisu kile kilikuwa kinang'aa jamani.

"Usichinje, mama," nikasema. "Mumeo alikuwa na kaka aliyefariki, mjane wake akavuka maji na mtoto wa kike?"

Kuku aliponyoka akakimbilia kwenye matuta. Hakuna aliyemfukuza.

"Mume wangu amekufa anamtaja huyo mtoto," akasema polepole. "Alivuka mpaka Sengerema kumtafuta, akaambiwa wamehama." Akaniwekea mikono mashavuni, mikono ya udongo. "Ni wewe?"

Ni mimi. Tulilia. Wale wamenyaji michembe wakaja wakalia nao, hata hawajui wanalilia nini. Nilikuwa nimempata mama mdogo, nimepata boma la baba. Nilipoinua kichwa nikamwona kijana, kasimama na kata ya maji. Baba yake ni mtoto wa baba mdogo, kaka yangu. Alifungua mdomo kuniita, mama ama shangazi, jina likakosekana. Hakuniita kitu mpaka nimeondoka.

Mama mdogo alichimba mwenyewe kwenye tuta la njiani, akanijazia mfuko. "Wewe ndiye mpita njia wake," akasema.

Binti alikuwa ananisubiri stendi, kavaa gauni jipya. Akauangalia mfuko, akaniangalia usoni.

"Wamekataa?"

"Hawajakataa. Ni kwetu."

Alielewa papo hapo. "Si ungenyamaza tu, mama." Basi, hakulia wala hakugomba. Nyumbani nilichemsha vile viazi, nikamwekea kwenye sahani, vikapoa. Asubuhi nilivikuta vilevile, naye keshakwenda kiwandani.

Nilivila mimi, vyote. Vilikuwa vitamu vilevile vya utotoni.