Siti ya Kumi na Moja

Kwa Jumatano ya tatu mzee yule alikuja dukani kwa Zuwena, Chumbageni, kujaribu mabomba ya kupulizia rangi, yale madogo yanayoshikwa kama kalamu. Huitikia shikamoo bila kuinua macho, hutia maji kwenye kikombe cha bomba, kisha hupulizia ukucha wa dole gumba lake. "Linatapanya," husema, akalirudisha na kuomba jingine. Mguu wake wa kulia nao una tabia yake: gari likipiga honi barabarani, hukanyaga sakafu kwa nguvu. Zuwena alidhani ni maradhi.

Siku hiyo aliridhika na bomba moja, lile ambalo ukibonyeza kitufe chake hutoa hewa tu, mpaka ukivute nyuma ndipo rangi ije. Akatoa kikapuni basi la bati, refu kama kiganja. Ndani walikaa abiria wadogo kama punje za mchele, kila mmoja na rangi ya nguo yake, isipokuwa mmoja aliyebaki mweupe. Zuwena alilitambua basi. Lilikuwa mfano wa lile lililopinduka na mama yake miaka minne iliyopita, asitoke hai abiria hata mmoja.

"Nimewauliza jamaa za wengine wote," mzee alisema. "Amebaki wa siti ya kumi na moja. Mama yako alivaa nini, mwanangu?"

"Kanga ya kijani," Zuwena alijibu. "Na kwenye usukani, mbona hukumweka mtu?"

Mguu wa mzee ukakanyaga sakafu. Nje hapakuwa na honi.