Mkwe Nyuma ya Turubai

Jumamosi, tarehe sita Juni. Alfajiri kulikuwa na manyunyu, yale ya kulowesha kuni bila kujaza ndoo. Baadaye jua likatoka, na milima ya Livingstone ikaonekana yote mpaka juu, kama imefuliwa.

Naandika leo leo kabla sijaanza kupamba, maana najijua. Mimi ni wa darasa la saba tu, na nikisimulia jambo mara ya pili huwa nimeshajiweka mahali pazuri zaidi.

Jambo lenyewe ni mianzi. Nyuma ya nyumba yetu hapa Bujonde unapita mto, na ukingoni kuna mianzi na matete ambayo hakuna aliyeyapanda. Baba mkwe ameamua kufyeka yote apate jaruba la mpunga, na vijana wa kufyeka wanakuja Jumatatu. Jirani yetu wa upande wa chini alifyeka ukingo wake mwaka juzi. Masika haya mto umemwingilia, ukaondoka na migomba na choo. Mimi naogopa. Lakini nitamwambiaje? Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, wala hakai naye mahali pamoja. Siku hizi wengi wameacha, hata mkono wanapeana kanisani. Nyumba yetu bado inashika. Nikimwona njiani naingia kwenye kakao mpaka apite, naye hukohoa mapema ili nipate nafasi. Si uadui, ni heshima, na kusema haki amenikoholea kwa uaminifu tangu nilipoolewa.

Zamani maneno yetu aliyapeleka mama mkwe. Tangu afariki, kazi hiyo ni ya mume wangu. Nilimwomba aseme habari ya mianzi, akanijibu, "Shamba ni la baba. Mimi nianzie wapi?" Simlaumu. Ningekuwa mimi, ningeanzia wapi?

Basi leo ilikuwa tamasha la mazingira pale chuoni, na shule za msingi za huku zilialikwa. Kila shule ilipewa banda la turubai chini ya mikaratusi ya chuo. Wengine walileta miche, wengine majiko ya udongo. Watoto wa ziwani walileta samaki hai kwenye beseni, wakaeleza kwa nini vifaranga waachwe wakue. Darasa la binti yangu, la sita, walipewa mada ya mto. Walikuwa na masinia mawili yaliyojazwa udongo, moja udongo mtupu, jingine lina majani na mizizi yake. Unamwagia maji, halafu unatazama yanayochuruzika. Mwalimu wao aliomba mzazi mmoja wa kubeba majani na maji, na mzee mmoja wa kusimulia mto ulivyokuwa zamani. Mwalimu ni mgeni, katoka Singida. Mzazi nikawa mimi. Kwa upande wa mzee, binti yangu akamtaja babu yake, huyo huyo baba mkwe wangu, na hakuna aliyeniambia.

Nilikuwa nimeinama napanga ndoo niliposikia kikohozi ninachokijua. Babu alikuwa ameshuka kwenye bodaboda, kavaa koti lake la kanisani. Mwalimu akapigapiga benchi: "Karibuni! Mzee huku, mama huku, kaeni pamoja watoto wawaone!"

Nilishika ndoo yangu nikazunguka nyuma ya turubai. Babu naye aligeuka akaanza kuutazama mkaratusi, kama mtu aliyetaka kuununua.

Mwalimu akanifuata. "Mama, mmegombana?"

"Hapana, mwalimu. Ni baba mkwe."

"Sasa si ndiye baba yako?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimejificha."

Alinitazama kama mtu anayesoma ubao akiwa mbali, akaniacha. Ni mtu mwema. Hata angekaa nimweleze, nisingekuwa na maelezo zaidi ya hayo.

Nikabaki huko nyuma, napitisha maji chini ya turubai, binti yangu anapokea. Nilichungulia kwenye tundu la kamba. Sinia la udongo mtupu lilitoa maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na udongo ukaondoka nayo. Lenye majani lilitoa maji karibu meupe. Watoto wakapiga makofi. Kisha mtoto mmoja wa shule nyingine akauliza, "Sasa kama mtu ana njaa, na shamba lake ni hilo la mtoni, alime wapi?"

Mwalimu akasema sheria inataka mita sitini kutoka mtoni. Babu akacheka.

"Mita sitini kwangu ni shamba lote, na nyumba, na mimi ndani yake. Huyu mtoto kauliza la maana. Mimi Jumatatu nafyeka. Mwanzi hauliwi!"

Watoto walicheka sana. Binti yangu akabaki na kikombe mkononi; angembishiaje babu yake? Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Sijui kama ulikuwa ujasiri au ni kwa sababu sikuonekana. Nilitaka kumnong'oneza mtoto, lakini sauti ikatoka nzima:

"Mwambie babu, jirani alifyeka, na choo chake sasa kiko Ziwa Nyasa."

Kicheko kikalipuka. Walidhani ni igizo. Binti yangu akamgeukia babu yake, akapiga goti. "Babu, mama anasema choo cha jirani kiko ziwani."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," babu akasema. Kisha akaikumbuka heshima, akarudisha macho kwenye mkaratusi. "Mwambie mama yako anatetea kakao yake. Imepakana na mianzi."

Lilinichoma, kwa kuwa lina kweli ndani yake. Mpaka sasa sijui nilikuwa natetea mto au kakao. "Mwambie ni kweli, kakao nayo imo. Lakini na sukari ya chai yake inatoka kwenye kakao hiyo hiyo."

"Mama anasema kakao imo, ila sukari yako inatoka humo. Na mkate." Mkate mimi sikuutaja.

"Mjibu, babu! Mjibu!" watoto wakapiga kelele. Mmoja akadakia, "Babu leo kapatikana!"

Babu aliupapasa ule mkaratusi kwa kiganja. Kisha akasema polepole, "Mwulize. Lingekuwa shamba lake, mpunga angeupanda wapi?"

Tangu niolewe hajawahi kuniuliza kitu, hata kwa mdomo wa mtu mwingine. Na mimi nilikuwa nimejiandaa kukataa tu. Niliweka ndoo chini, ndipo nikaikumbuka ile kona ya chini ya kakao, ambako maji hutuama na matunda huoza yakawa meusi kila msimu. Nimekataa kuing'oa kwa kuwa miche ile niliipanda nikiwa bibi harusi.

"Mwambie kuna ile kona yenye maji. Kakao inaoza. Mpunga ungepapenda."

"Kona hiyo ni ndogo kuliko mianzi," babu akasema, kabla mtoto hajafungua mdomo.

"Mwambie ni ndogo kweli."

Nikamsikia akicheka, kicheko kile cha puani. "Mwambie naichukua. Naongeza na matete yaliyo upande wa juu wa ule mkuyu wa mtoni. Tangu nikiwa mtoto maji hayajafika pale. Mianzi ibaki."

"Ndaga, tata," nikasema. Asante, baba. Hilo halikupita kwa mtoto, na naona hakuna aliyelishika kama kosa. Banda letu halikupata zawadi. Walipata wale watoto wa ziwani wenye samaki, na ilikuwa haki yao.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameshapata habari. "Mmeongea na baba?"

"Hatujaongea. Mtoto ndiye kaongea."

Jioni nilisikia kikohozi, nikaingia jikoni. Babu alishuka mtoni na kamba za migomba mikavu, akafunga shina moja moja la mianzi, ili vijana wa Jumatatu wajue pa kuishia. Shina moja la pembeni hakulifunga. Labda amesahau, labda hapana. Sikumtuma mtoto kuuliza. Kwa leo yametosha. Kwenye kona ile nilipita mwenyewe, nikaishika miche yangu kidogo. Nimeshinda au nimepunjwa, sijui. Lakini masika yakija nadhani nitalala.

Tulikula wali wa mchele mpya na usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kuunga kwa nyanya. Sahani ya babu aliipeleka binti yangu kama kawaida, akairudisha tupu.

"Babu anasema wali mzuri, ila usipa chumvi imepungua."

Nikaonja uliobaki kwenye sufuria. Ni kweli, ilipungua.