Jiwe la Mezani kwa Baba Mkubwa

Baba mkubwa ni bingwa wa fizikia. Jina lake limefika nchi ambazo mimi nazisikia redioni tu. Alipostaafu alirudi Mhunze, akajenga chumba kando ya nyumba, akakiita ofisi. Mimi, binti wa mdogo wake, ndiye ninayekifagia.

Wageni hawakauki, na kila kitu mle kina habari yake. Redio isiyo na mgongo: aliifungua utotoni akiwa machungani, ng'ombe wakaingia shamba la watu, akachapwa hadi akajikojolea. Kipande cha chaki: cha siku yake ya mwisho darasani. Koti la baridi ya Ulaya, limetundikwa kwenye joto hili la Kishapu, jamani! Ni jiwe la mezani tu ambalo hakuwahi kulisimulia. Jeusi, la kubeba kwa mikono miwili, upande mmoja laini. Kila asubuhi aliliwekea kiganja kwa muda mfupi, ndipo afungue kitabu.

Nikajisemea: msomi mzima, jiwe la nini? Kwetu huku mtu akikumbatia jiwe, lina dhahabu. Sina cha kujitetea. Alipokwenda kutibiwa macho Shinyanga mjini, nikalitia kikapuni, nikalifunika khanga, mimi huyo machimboni Mwakitolyo. Mwenye karasha, ile mashine ya kupondea mawe, aliligeuzageuza.

"Mama, hili una hakika nalo?"

Nikamfokea asinipotezee muda. Likapondwa. Likaoshwa kwenye karai mara tatu. Vumbi tupu, hata punje ya kusingizia hakuna.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Njiani nikaokota jiwe jingine la ukubwa uleule, nikaliweka palepale. Macho yake si mazuri, nikajipa moyo. Mjinga mimi! Mtu aliyepima vitu maisha yake yote!

Alirudi jioni, na kesho yake asubuhi akaweka kiganja. Akaliinua. Akalirudisha taratibu.

"Mayu," akaniita. Ndivyo anavyoniita siku zote, mama, kwa Kisukuma. "Lile jingine liko wapi?"

Nikapiga magoti nikasema yote. Heri angenichapa.

"Lilitoa kitu?"

"Hapana, baba."

"Lilikuwa linatoa unga," akasema. "Bibi yako aliwasagia watu mtama kwa jiwe lile mpaka nikamaliza shule."

Bibi yangu, mama wa baba yangu! Baba yangu naye alikulia ugali wa jiwe lile. Na mimi, mtoto wa unga wa mashine, nililishika kila siku nikifuta vumbi na sikulitambua. Niliona aibu.

Jiwe langu la njiani hakulitupa. Wageni wakija bado anawaeleza: redio, chaki, koti. Siku hizi na jiwe analitaja.

"Hili," huwaambia, "aliniletea binti yangu."

Wanageuka kunitazama, wanatabasamu. Nami naanza kukusanya vikombe, hata vyenye chai.